Mfuko wa Mstari wa Nne

Kabula,

Soma hii ukifika Dar kwa mjomba wako, ukiwa umevua viatu, kabla hujapanda hiyo ndege. Usiisome ndani ya basi. Ukiisoma ndani ya basi utanipigia, na hiyo simu ya kupapasa uliyoninunulia sijui kuipokea. Nilikuambia siitaki. Ukasema, "Baba, utazoea." Hiyo ndiyo shida yako tangu ulipoanza kutembea. Mtu anasema, wewe umeshakwenda.

Ninaandika kwa mkono wangu. Mama yako alitaka tumwite katekista aniandikie, nikamwambia katekista ataandika mambo yake. Herufi zangu ni kubwa kama kwato, lakini mwenye macho atazisoma. Hapa nyumbani nipo peke yangu. Nyie mmekwenda Misunkumilo kumuaga shangazi yako, mmeniachia kuku na redio isiyo na betri. Nimekaa ghalani juu ya gunia la mahindi, jua bado lipo juu, na kalamu ya kwanza imeshakufa.

Habari za maji ya kunywa, kofia, mafuta ya kujipaka, usile kila unachopewa, mama yako amezisema wiki nzima mpaka mbuzi wamezishika. Mimi sina la kuongeza huko. La kwangu ni lingine.

Umeninunia tangu juzi, nimeona. Ulikuwa na wiki moja tu ya kukaa nasi, na mimi nikapotea siku mbili, nikasema nimekwenda Mamba kutazama dume la ng'ombe. Jana ukamwambia mama yako pale jikoni, ukidhani nimelala, "Baba anampenda ng'ombe kuliko mimi." Nilisikia. Sikujibu kwa sababu hakukuwa na ng'ombe.

Nianzie Jumapili, maana hasira zangu zimeanzia pale. Watu wamejaa uani kukuaga, na wewe ukatoa kwenye mkoba lile jiwe lako jeusi lenye matabaka membamba kama chapati zilizopangwa. Ukawaeleza kwamba nchi unayokwenda ni jangwa, mvua ikinyesha watu wanatoka nje kupiga picha, lakini chini ya mchanga mawe kama hilo yamelala kwa safari ya siku nzima, na ndani yake yana mafuta ambayo hayajaiva. Kwamba kazi yenu ni kuchoronga mashimo marefu ardhini na kupima kama yanatosha mtu kufungua biashara au la. Jirani yetu Masanja akasema jiwe ni jiwe. Hukubishana naye, ukaliweka juu ya mkaa wa jiko la mama yako. Likatoa moshi, halafu likashika moto lenyewe, likanuka kama kibatari. Masanja alirudi nyuma pamoja na kiti chake. Mama yako akalalamika kwamba maharage yatanuka mafuta ya taa, na kweli yalinuka, tukayala hivyo hivyo.

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikasimama. Unajua mimi nikiona watu wamekaa, lazima nisimame. Nikawaambia mtoto huyu hakuokota akili njiani, na nikaanza habari ya kilima. Kwamba zamani nilifanya kazi na watafiti wa madini kule upande wa Mamba. Kwamba mstari wangu, mstari wa nne, ulitoa dhahabu kuliko mistari yote. Kwamba kwa ajili ya jicho langu wakaleta mtambo wa kuchoronga, wakaona utajiri, wakafukia mashimo, wakaondoka na siri yao. Watu wa hapa Mwamkulu wameisikia mara mia, na bado wanapiga makofi pale pale pa kupigia.

Ndipo ukasimama wewe. Ukasema jangwani unakwenda miaka miwili tu, ujifunze kazi na upate jina. Ukirudi unaomba leseni ya kilima kile, unarudisha mtambo. Ukasema, "Nitawaonyesha baba yangu alikuwa sahihi." Watu wakapiga vigelegele. Yule mwalimu, mchumba wako, alikuwa amekaa karibu na tangi la maji, akaangalia viatu vyake. Nikaelewa kwamba ile ndoa iliyosogezwa mara mbili imesogezwa ya tatu, na sababu ni mimi.

Wote wakanigeukia. Mdomo huu haujawahi kukosa neno, mama. Nilitembea na ng'ombe sitini kutoka kaskazini mpaka huku, nikapitisha kundi lote kwenye mbung'o na sikupoteza ndama hata mmoja. Nimeshapigizana maneno na mtendaji mbele ya mkutano mpaka yeye akaomba maji. Lakini Jumapili nilisimama pale, mfupa wa kuku mkononi, na kitu pekee nilichoweza kusema ni, "Hiyo ndiyo damu yangu."

Basi sikiliza. Kwenye kilima kile hakuna dhahabu. Haikuwepo. Dhahabu ya mstari wa nne niliiweka mimi.

Usitupe karatasi. Malizia.

Tulipofika huku tulianzia kule Mamba, hata kabla ya kuja Mwamkulu. Wapimbwe, wenyeji wa pale, walitupokea, wakatuonyesha pa kulisha na pa kulima, ingawa ng'ombe wetu waliwakanyagia mpunga zaidi ya mara moja. Wakati huo watafiti wakaja, wakapiga mahema nyuma ya kilima, wakaajiri watu. Mimi nikawekwa na mtu mmoja mzaliwa wa pale, Kalisto, mkulima wa mpunga. Mtu mpole, mtu wa kanisani, mtu wa polepole mpaka unataka kumsukuma.

Kazi yenyewe wewe unaijua kuliko mimi. Kwenye kila mstari, kila hatua hamsini pana kigingi chenye utepe mwekundu. Unachimba pale pale kwenye kigingi mpaka kina cha kiwiko, unaacha udongo mweusi wa juu, unachukua wa chini, unachekecha, unajaza mfuko wa kitambaa. Tulipokezana mistari, aliyechimba ndiye aliyefunga mfuko, lakini namba kwenye kikaratasi aliandika Kalisto siku zote. Mimi sikujua kuandika. Mjiolojia wao, kijana msomi, alitufundisha siku ya kwanza, siku ya pili akapita, siku ya tatu mbung'o zilimshinda akabaki hemani na ramani zake. Tangu hapo tukawa tunampelekea mifuko tu.

Sasa nikuambie nilivyofikiri, maana sikuanza kama mwizi. Mtu akija kununua mpunga, anakuambia lete mfano nione. Wewe unachota wapi? Utachota chini ya gunia penye makapi? Unachagua. Unapepeta, unatoa vijiwe, unampelekea punje zinazong'aa, na hakuna mtu duniani anayekuita mwongo. Hiyo ndiyo heshima ya mali yako. Nikaona hawa watu wanatafuta dhahabu, na mimi najua pa kuipata. Kule korongoni, mbali na kilima, wachimbaji wadogo waliwahi kuosha mawe yao, wakaacha marudio, yale mabaki ya kuoshea ambayo bado yanabaki na dhahabu kidogo. Kwa nini nichimbe vumbi kwenye kigingi wakati mali ipo kule? Nilidhani yule msomi ni mjinga, hajui pa kuweka vigingi vyake.

Basi kwenye mstari wa nne, uliokuwa zamu yangu, nikawa naamka mapema, najaza gunia dogo korongoni, nalificha kichakani. Kalisto akiwa amekwenda mbele kutafuta kigingi kinachofuata, mimi namwaga udongo wa shimo, naweka wa korongoni. Na nikawa namtania. Kuhusu mstari wa tatu, ambao alichimba yeye, nilimwambia, "Kalisto, wewe unafunga vumbi, mimi nafunga mali."

Akasema, "Nafunga kilichopo."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa mpumbavu mwenye nguvu, na huyo ndiye mpumbavu mbaya.

Majibu yalipotoka maabara, yule msomi alikuja mbio na karatasi. Mstari wa nne ulikuwa unawaka. Siku hiyo ndipo nilipoelewa. Alitandaza ramani chini akatuonyesha nukta, kila nukta ni kigingi, na kwenye nukta zangu amepaka rangi nyekundu, akasema dhahabu iko hapa chini, hapa hapa. Hakuwa ananunua mpunga. Alikuwa anauliza ardhi swali, na mimi nilijibu badala ya ardhi.

Ningesema siku ile, ingekuwa kosa la mtu asiyejua. Wangenitukana, labda wangenifukuza, yakaisha. Lakini watu walikuwa wamenibeba juu juu. Mimi mgeni, mtu wa kuja na ng'ombe, naitwa fundi mbele ya wenyeji. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa mwongo, Kabula. Korongoni nilikuwa mjinga tu.

Mtambo ukaja. Mstari wa nne ulishukia kwenye shamba la Kalisto, na yeye hakutaka mpunga wake ufunikwe kokoto. Nani alimbembeleza? Mimi. Nilikaa kwake mpaka akakubali. Wakamwaga kokoto, wakasimamisha mtambo, wakachoronga wiki kadhaa. Mawe yakatoka marefu kama miwa, masafi, na hayakuwa na kitu.

Ndipo wakaanza kuulizana. Mkubwa wao alikuja na gari, akafungua mifuko iliyobaki, akamwaga udongo mezani, akauona wa rangi nyingine. Akauliza nani alijaza. Mimi nikasema tulijaza wawili. Akaangalia vikaratasi. Vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja, mwandiko mzuri wa kishule. Akauliza mwandiko huu wa nani.

Kalisto akasema, "Ni wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, karibu kiasi cha kumgusa bega. Nikatazama utepe mwekundu kwenye kigingi. Wakamfukuza Kalisto siku hiyo hiyo kama mdanganyifu. Yule kijana msomi naye akaondolewa, na sijui alikoishia, hilo linanisumbua mpaka leo. Mimi nikaendelea kuwapakilia mahema. Walipoondoka nikahamisha ng'ombe na mama yako, ambaye alikuwa na mimba yako, tukaja Mwamkulu ambako hakuna aliyejua habari, na nikaanza kuisimulia upya. Mwaka wa kwanza nilisema kidogo. Kila mwaka ikawa tamu zaidi. Ulipokuwa unajifunza kuhesabu ulikuwa unahesabu vigingi vyangu.

Na kitu kimoja hujawahi kuniuliza, nilijifunzia wapi kuandika. Unadhani ni elimu ya watu wazima, kwa sababu ndivyo nilivyosema. Ni Kalisto. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa anachukua kijiti, ananiandikia mavumbini. Alianza na namba, kwa sababu ya mifuko, halafu herufi. Hii barua yote ni mkono wake ndani ya mkono wangu.

Ndiyo maana juzi nilipanda basi. Ungejua nilivyochoka. Basi likaharibika mara mbili, kondakta akaniita babu, nikamkatalia, akaniita tena. Nilifika kwa Kalisto mchana. Amezeeka vibaya, meno yamekwisha, lakini bado mpole vile vile mpaka inaudhi. Alikuwa anaanika mpunga. Hakushangaa. Akauliza nimekuja na nini.

Nikasema, "Nimekuja na maneno."

"Basi kaa. Hayo hayahitaji gunia."

Nikamwambia yote, tangu korongoni. Nilikuwa nimejipanga kwa kilio chake, kwa matusi yake, hata kwa fimbo. Akaendelea kugeuza mpunga kwa mguu. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Ulikuwa unakuja kazini na tope la korongo miguuni. Njia ya kwako haipiti korongoni."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, hebu fikiria, mimi mkosaji ndiye nakasirika. Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini hukusema? Miaka yote hii nimebeba mzigo, kumbe wewe umeukalia? Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Akasema, "Wewe ulikuwa mgeni na mke mjamzito. Ukifukuzwa na watu wakajua ni wewe, wangekuondoa na ng'ombe wako. Mimi ningerudi tu shambani. Nilidhani utakuja kesho yake kuniambia."

"Na sikuja."

"Umekuja leo."

Halafu akanipeleka shambani kwake. Ile kona waliposimamisha mtambo mpaka leo haioti mpunga. Kokoto zimezama, udongo umekuwa mgumu kama barabara. Watoto wake wanaanikia nguo pale. Kabula, nimejisifu kwa kona hiyo mbele ya watu mia mara mia, na sijawahi hata kwenda kuitazama.

Sikukatazi kwenda jangwani. Nisikilize vizuri, maana najua utaanza kulia na kusema baba ananirudisha. Sikurudishi. Jumapili niliona uso wako lile jiwe lilipowaka, na hapo hukuwa unafikiria kilima wala mimi. Ulikuwa unalitazama jiwe. Kama unakwenda kwa ajili ya hilo, nenda, na mimi nitajisifu mpaka Masanja ahame. Lakini kama unakwenda ili umthibitishe baba yako, baba yako hana cha kuthibitishwa. Una siku nzima hapo Dar ya kukaa na hili. Na huyo mwalimu mpigie wewe mwenyewe, sio mama yako. Mwambie kilima hakipo tena. Akiwa na akili atakuuliza tarehe.

Na ukienda, nitakuambia neno moja la kazi, ambalo sijalisoma popote. Huko utakuta mtu kama mimi. Atakuwa mchunga ngamia, au dereva, mjuaji, amezaliwa nchi hiyo, jina lake kubwa kuliko kofia yake. Wakubwa zako watataka mafuta yawepo, serikali itataka yawepo, watu wake watataka kazi, na yeye atataka ugunduzi uitwe wake. Siku moja atakuletea jiwe jeusi kuliko yote, linalowaka kama mshumaa. Usimpigie kelele, na usimcheke. Mshukuru. Mwulize amelitoa wapi, halafu simama uende naye mpaka kwenye shimo lenyewe, hata kama jua linaua. Yule kijana msomi angetembea mstari wa nne mara moja tu na mimi, hata kama mbung'o zingemla, ningeona aibu nikachimba. Mtu akiwa peke yake na mfuko, anachagua punje nzuri. Mimi nilichagua.

Nimechoka sasa. Mkono unauma na kuku wameingia ghalani. Nasikia sauti ya mama yako kwa mbali, mnarudi, na wewe unacheka jambo fulani, kwa hiyo labda umeacha kuninunia, na mimi nimeandika yote haya wakati ningeweza kungoja. Lakini nikikuona nitaanza kusimulia kitu kingine. Najijua.

Chini kabisa ya begi lako, ndani ya soksi zako nene, kuna mfuko wa kitambaa. Usimlaumu mama yako, niliuweka mimi. Mimi na Kalisto tulipanda kilimani jioni ile, wazee wawili kwa fimbo, mpaka tukapata alama ya kigingi cha nane, mstari wa nne. Kigingi kililiwa na mchwa lakini rundo la mawe lipo. Nilichimba mimi. Kalisto alisimama juu yangu anatazama, kazi aliyopaswa kuifanya yule msomi. Nilifika kina cha kiwiko. Nikatoa udongo wa chini, nikachekecha kwa kofia, nikajaza. Halafu akanipa kalamu akasema namba niandike mwenyewe safari hii. Nikaandika.

Uwanja wa ndege wakiuona watakuuliza. Waambie ni udongo. Wakiuliza ndani yake kuna nini, waambie hakuna kitu, na kwamba aliyeuchota ni baba yako.